Gauni Lililopita Mezani Kwetu

Kama gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungia kitu, na wiki zilizopita hukunisoma, ngoja nikufupishie aibu yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka ishirini na mbili katika kazi hii, na cherehani yangu ipo chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu, bila kodi, kwa hisani ya mke wake. Huyo ndiye wifi yangu. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na wanafunzi wake wamembandika jina la Kengele, kwa sababu akianza hakuna anayebaki amekaa.

Binti yao anaolewa mwezi ujao. Gauni la harusi nililishona mimi. Wifi aliponiuliza mtindo ule nimeutoa wapi, nilimwambia nimeutoa kichwani mwangu. Uongo mtupu. Niliutoa kwenye jarida la kigeni ambalo mteja mmoja alilisahau kwenye kiti. Wifi akautangazia mji mzima kwamba wifi yake ni mbunifu na gauni kama lile halipo duniani.

Halafu nikaliunguza. Pasi, dakika tatu, na umbea wa dirishani na jirani. Alama nzima ya pasi ikabaki mbele, chini kidogo ya kiuno, ncha yake ikielekea juu. Nikaligeuzia ukutani, nikalifunika shuka, nikafunga mlango. Nyumba nzima nikaiambia kwamba gauni la harusi likitazamwa mapema linapoteza mng'aro. Nilitunga hapo hapo, na watu wazima na akili zao wakakubali.

Kitambaa kile mjini kwetu hakipatikani. Wifi alikileta mwenyewe kutoka safari ya nje. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anasafiri tena kwenda kununua mashuka na vyombo vya binti, nikajitolea kumbebea mizigo.

"Una moyo, wifi," akaniambia.

Moyo ninao. Ndani ya sidiria nilikuwa pia na kipande cha kitambaa kile, ukubwa wa kiganja, cha kulinganishia madukani.

Kengele akijua, mimi na cherehani yangu tuko barabarani. Mdogo wake wa tumbo moja alimfukuza kwa kuvunja birika. Mimi nimevunja zaidi ya birika.

Sasa tuendelee.

Siku ya pili ya safari tuliingia duka moja la ghorofa saba, kila ghorofa na bidhaa zake. Vitambaa na nguo za kike vilikuwa ghorofa ya tano. Nilijua, maana niliusoma ubao wa mlangoni kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Wifi alinishikilia ghorofa ya tatu kwa saa mbili na nusu. Kila shuka alilifunua, akaliinua kwenye taa, akaliuliza maswali. Muuzaji alianza akitabasamu, akamaliza akiwa ameegemea rafu.

"Wifi, nipande juu mara moja nikaangalie uzi?"

"Uzi utauangalia nikiwepo. Wewe watakupiga bei."

Saa sita na nusu njaa ikanisaidia. Wifi alisema miguu imevimba, tule hapo hapo, mgahawa uko ghorofa ya saba. Ngazi za umeme zilinipitisha ghorofa ya tano bila kusimama. Niliyaona majora ya vitambaa yamepangwa ukuta mzima, nikayapita hivi hivi.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa vitambaa vyeupe mezani na uma tatu kwa mtu mmoja. Mhudumu alitukalisha karibu na njia pana ya katikati, akatukabidhi orodha ya vyakula yenye jalada gumu. Wifi aliipitia kama anasahihisha insha.

"Kuku wenu ana mifupa?" akamuuliza kwa Kiingereza chake cha ubaoni.

"Hapana, mama. Tumeitoa."

"Mmeipeleka wapi?"

Wifi akaagiza kuku wawili wasio na mifupa, akasema tutazungumza wakifika. Kisha akainuka kwenda kunawa mikono.

Hapo lazima mnielewe. Wifi yangu hanawi mikono tu. Akiingia choo cha watu anakikagua: sabuni ipo, mlango unafunga, maji yanapita. Dakika kumi haziepukiki. Nikakadiria ghorofa mbili kushuka, mita tano za kitambaa, ghorofa mbili kupanda. Nikachukua mkoba wangu.

Muziki ukabadilika.

Kutoka pazia la mwisho wa ukumbi akatokea msichana mrefu aliyevaa suti ya kijani, mkononi kashika kadi yenye namba. Akapita katikati ya meza taratibu, akageuka, akatabasamu, akaendelea. Nyuma yake akafuata mwingine na koti la mvua. Watu walikula huku wakitazama.

"Ni nini hiki?" nikamuuliza mhudumu.

"Kila siku saa saba, mama. Nguo zinazouzwa ghorofa ya tano. Mteja anakula huku anachagua."

Nikafikiri, hawa wenzetu hata tonge la mchana hawakuachi ulimeze kwa amani. Nikaanza kuondoka. Wa tatu akatokea, nikarudi kukaa bila kupenda.

Lilikuwa gauni langu.

Nasema langu, Mungu anisamehe. Mikono ile ile ya lesi, kiuno kile kile, vifungo kumi na kimoja vilivyofunikwa kitambaa mgongoni. Nilivihesabu alipogeuka. Jarida lile nililoibia mtindo lilikuwa la duka hili, na gauni lenyewe lilikuwa linanijia mezani kwa miguu yake.

Mtu mwenye busara angeandika namba ya kadi, kumi na nne, akanyamaza. Lakini mimi ni fundi. Nguo ikinipita karibu sioni uso, sioni ukumbi, naona mshono. Msichana alipofika usawa wa meza yetu mkono wangu ulikuwa umeshalikamata pindo, nikaligeuza ndani nje nione walivyomaliza.

"Samahani, mama," akaninong'oneza, tabasamu likiwa limegandishwa usoni. "Unafanya nini?"

"Simama wima," nikamwambia kwa Kiswahili.

Akasimama. Hakuelewa hata neno moja, ila mtu akishikwa pindo na fundi husimama, awe wa nchi gani. Nikapiga magoti kwenye zulia. Nikatazama upana wa pindo, wembamba wa uzi, kitambaa cha ziada walichokiacha ndani cha kulegezea. Kisha nikaingiza mkono kifuani, nikatoa kipande changu, nikakilaza juu ya gauni.

Kitambaa kilikuwa kimoja. Ukiondoa mkono wangu usingejua kipi kinaishia wapi.

Nilitaka kulia kwa furaha, na sioni haya kusema. Wiki tatu nilikuwa sili nikashiba. Nilikuja kutafuta mita tano, nimepewa gauni zima. Akiba yangu ya kushona sare za shule ilikuwa kwenye soksi. Ningelinunua, ningelificha chini ya mashuka, ningefika nyumbani na kulitundika, na lile lililoungua ningelikata kuwa foronya. Kengele asingejua mpaka anakufa.

"Wifi, umeangusha nini?"

Siku hiyo choo kilikuwa kisafi. Alitumia dakika tatu.

"Naangalia kazi zao," nikasema, bado nipo chini. Kipande nikakirudisha kifuani.

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama msichana kutoka shingoni kushuka, polepole, kama anavyotazama daftari lililonakiliwa.

"Hili si gauni letu?"

"Linafanana kidogo."

"Kidogo? Geuka," akamwamuru msichana, kwa Kiingereza. Akageuka. Maskini yule binti alikuwa amekuja kazini kutembea tu. "Kumi na kimoja. Wifi, vifungo ni kumi na kimoja. Wamekuibia."

Nikainuka, magoti yakilia. "Wifi, tuketi, kuku anakuja."

"Kuku gani? Watu wamekuibia kichwa chako halafu unazungumzia kuku?" Akaugeukia ukumbi wote. "Nani mkuu hapa?"

Uma zikatulia. Watu waliokuwa wanatafuna waliacha. Mhudumu wetu akaondoka kwa mwendo ambao si wa kukimbia lakini ulikuwa karibu sana.

Meneja alikuja, mwanamume mwembamba mwenye tai iliyomkaba. Wifi akamwonyesha mahali pa kusimama na yeye akasimama hapo hapo.

"Gauni hili mmelitoa wapi?"

"Ni la kwetu, mama. Mwaka wa nne sasa tunaliuza."

Wifi akanigeukia kwa Kiswahili. "Umemsikia? Mwaka wa nne wanaiba, na anasema bila hata kupepesa macho." Kisha akauliza swali nililokuwa naliomba lisije. "Wewe ulilibuni lini?"

Hapo ndipo ningesema. Nataka mjue kwamba nililiona hilo, sikuwa kipofu. Ningesema wifi, mtindo si wangu, gauni nimeliunguza, nisamehe, na pengine angenisamehe kwa sababu tulikuwa mbali na nyumbani na alihitaji mtu wa kubeba mashuka. Sentensi tatu tu.

"Miaka mitano," nikasema. "Nilikuwa nalo kichwani siku nyingi."

"Miaka mitano!" wifi akamwambia meneja.

"Mama, kwa heshima zote, una ushahidi?"

"Ushahidi umetundikwa chumba cha mbele cha nyumba yangu." Akatoa simu. "Nampigia binti yangu simu ya video aingie akuonyeshe."

"Wifi, chumba nimekifunga. Ufunguo huu hapa." Nikautoa kwenye mkoba nikauinua juu, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu nikajiona mtu mwenye akili.

"Baba yake ana wa akiba."

Bila shaka anao. Nyumba ni yake.

"Na mng'aro je?" nikajaribu. "Si litapoteza mng'aro?"

"Mng'aro utarudi kwa pasi."

Nikakaa chini.

Binti akapokea. Uso wake ukajaa kioo, amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake ukuta wa jikoni.

"Shikamoo mama. Mmeshakula?"

"Marahaba. Hatujala, tumeibiwa. Chukua ufunguo wa baba yako, ingia chumba cha shangazi yako, utuonyeshe gauni. Kuna mtu hapa hasadiki."

Binti akalikaza kitambaa chake kichwani. "Gauni?"

"Umesikia."

Simu ikaanza kutembea. Tukaona dari, tukaona ndara za kaka yangu mlangoni mwa sebule, tukasikia droo. Meneja alikuwa ameinama juu ya bega la wifi, msichana wa gauni naye ameinama juu ya bega la meneja. Kutoka meza ya jirani mzee mmoja alivuta kiti chake karibu apate kuona. Mimi nilikuwa natazama chumvi.

Nilikuwa nafikiria pa kulala. Nina rafiki mmoja mwenye chumba, lakini kwake cherehani haiingii mlangoni.

Ufunguo ukazunguka. Shuka likavutwa, nikausikia mchakacho wake.

Nikasubiri kelele. Haikuja.

"Lipo hapa, mama," binti akasema.

Nikainua macho. Kwenye kioo kulikuwa na mgongo wa gauni. Mgongo tu, vifungo vyote kumi na kimoja, na vidole vya binti vikipita juu yake kimoja baada ya kingine.

"Ligeuze tuone mbele," wifi akasema.

"Shangazi amelibana kwa pini, mama. Nikilivuta litachanika. Si mnaona vifungo? Mtu yeyote akiona vifungo anajua."

Yule mtoto nimemshonea nguo tangu akiwa wa nepi. Akisema kweli anagugumiza. Akidanganya sauti yake hunyooka kama ya msomaji wa habari, na pale alikuwa anasoma taarifa nzima. Tena hakushtuka. Mtu anayeiona alama ile kwa mara ya kwanza lazima aseme kitu, hata "mama yangu". Hakusema, kwa sababu alishaiona.

"Asante mwanangu. Funga vizuri," wifi akasema, akakata.

Meneja akamgeuza msichana, akatazama mgongo wake, akatazama simu iliyozimika. Alikuwa mtu mwenye wateja arobaini waliosimamisha chakula na tatizo lililovaa gauni.

"Zinafanana sana, mama," akakubali. "Nadhani wabunifu wawili wamekutana mawazo. Inatokea. Ngoja niwaletee kitindamlo, mtakula bure."

Akaondoka haraka, msichana akaondoka haraka zaidi. Mzee wa jirani akarudisha kiti chake.

"Umeona?" Wifi akaketi kwa uzito wa mtu aliyeshinda kesi. "Wamekiri. Mtu hakupi kitindamlo bure kama hana hatia."

Vikaja vibakuli viwili vya kitu laini cha maziwa, kabla hata ya kuku. Wifi alikula chake kama anakula haki yake. Mimi changu nilikuwa nakizungusha tu kwa kijiko.

Simu yangu ikatetemeka mapajani. Ujumbe wa binti.

"Shangazi, gauni lililoungua nililiona wiki iliyopita. Niliiba ufunguo wa baba nikaingia kulijaribu. Usihangaike kutafuta lingine. Sitaki kuolewa. Tangu kadi zichapishwe natafuta namna ya kumwambia mama, nashindwa, unamjua. Leo nimekusaidia kudanganya. Nisaidie na wewe kusema kweli. Mwambie kabla hamjarudi."

Nikausoma mara mbili. Kwanza nilikasirika. Wiki tatu nimekonda kwa ajili ya gauni, kumbe gauni halina mvaaji. Kisha hasira ikaisha, nikaona aibu, aibu hasa. Nilimpima kiuno mara nne yule mtoto. Kila mara kilikuwa kimepungua, na kila mara nilichomeka pini, nikapunguza gauni, nikamwambia ana bahati ya umbo.

"Nimeamua," wifi akasema, akifuta mdomo. "Lile la kwao tunalinunua."

"La nini?"

"Nitalifungia kabatini lisivaliwe na mtu. La mwanangu libaki peke yake duniani. Wewe utalibeba kwenye mzigo wako, wangu umejaa mashuka."

Sikumwambia kwamba ghorofa ya tano lazima wanayo mengine kama hilo, ya saizi zote. Nilikuwa nimeduwaa. Wokovu wangu wote ulikuwa umewekwa mezani, kwa fedha yake mwenyewe, na mbebaji ni mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kula kitindamlo na kunyamaza. Gauni jipya lingeingia chumba cha mbele, chumba kingebaki changu, harusi ingefungwa. Na yule mtoto angetembea mpaka mbele ya watu ndani ya vifungo kumi na kimoja, akijua kwamba shangazi yake aliusoma ujumbe.

"Mbona umekuwa hivyo?" wifi akauliza. "Furahi basi. Leo nimekutetea mbele ya wageni. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ndiye mtu pekee katika ukoo ule asiyenificha kitu."

Kijiko kikaniponyoka, kikaangukia sakafuni.

"Nani huyo anakuandikia?"

"Hakuna mtu, wifi."

"Hakuna mtu, na macho yamekujaa maji?"

Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, jinsi anavyowanyang'anya wanafunzi vitu darasani. Kuku akafika. Mhudumu alisimama na sahani mbili, asijue aziweke wapi, maana mkono wa wifi ulikuwa katikati na hakuwa na nia ya kuuondoa.

"Lete," akasema.

Nikampa simu, ujumbe ukiwa bado wazi.

Akavaa miwani yake, akaanza kusoma.